Tsuma Mizani na Dawa ya Mbodze

Ukifika Bondeni ukauliza nyumba ya Tsuma Mizani, mtu yeyote atakushika mkono akupeleke, na njiani atakusomea sifa zake zote. Mimi usiniulize. Mimi ni Kache, shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, na sifa za mtu huyo zimenikwama hapa kooni kama mwiba wa samaki.

Jina la Mizani hakulipata kazini. Kazini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anapima misumari tu, na hakuna anayemsifu mtu kwa misumari. Alilipata kwenye nyama. Hapa kisiwani harusi ikifanyika, iwe ya watu wa Kibokoni au ya huku kwetu, pilau ikishaiva inabaki kazi moja ambayo wanaume wazima wanaikimbia: kupakua. Wali utautandaza kwenye masinia, hilo halina ugomvi. Ugomvi uko kwenye vipande vya nyama vinavyowekwa juu. Sinia hili limeangukiwa na mapaja, lile limepata shingo na mifupa, na wageni waliolizunguka wana macho. Nimeona watu wa heshima, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinang'aa, wakinuniana kuanzia harusi mpaka Idi kwa ajili ya mbavu za mbuzi. Basi Tsuma akisimama kwenye sufuria, hakuna anayenung'unika. Atatoa kipande huku akitie kule, atarudi nyuma atazame, atasogea akate tena, mpaka masinia yote yafanane. Wenye harusi humpigia simu yeye kabla hawajampigia mpishi.

Haya. Ukiwa mgeni wa harusi, utampenda mtu huyo. Sasa jaribu kuwa mke wake.

Mdogo wangu Sidi alipojifungua mtoto wa kwanza, bwana alikwenda kununua leso. Leso huuzwa jozi, hata mtoto anajua: moja ya kujifunga, moja ya kujitanda. Tsuma akarudi na jozi moja, akachukua mkasi akaitenganisha, nusu akampa Sidi aliyelala na maumivu yake, nusu akampa Mejumaa, mke wa nduguye Dzoro, kwa sababu wanaishi ua mmoja na hakutaka mwanamke wa watu ajihisi mnyonge. Nikamwuliza, "Tsuma, sasa hawa wajifunge nini, wajitande nini?" Akanijibu kwa ile sauti yake laini, ya mtu anayemwelekeza mjinga, "Shemeji, angalau wote wamepata." Wote wamepata! Nyoo! Hakuna aliyepata kitu. Sidi alikaa arobaini yake yote akiazima leso zangu.

Yai la kuchemsha hulikata kwa uzi. Embe hulipima kwa kidole. Akimletea mwanawe pipi moja atakaa chini aitafute pipi ya pili ya mtoto wa nduguye, na akiikosa, ile moja ataivunja kwa kisigino cha kiatu. Watu wanamwona wanasema, "Mashallah, mtu wa haki huyo." Haki gani? Mimi nilishamsoma zamani. Tsuma hawezi kumtazama mtu machoni akamwambia, "Hiki si chako." Hawezi pia kwenda kwa mkubwa yeyote akamwambia, "Naomba na cha huyu." Kukataa anaogopa, kuomba anaogopa, kwa hiyo anagawa. Ni woga tu ule, uliovalishwa kanzu.

Na ningemwacha na woga wake, wallahi ningemwacha, kama usingefika kwa Mbodze.

Mbodze ndiye yule mtoto wa leso. Ana selimundu, au sikoseli kama tunavyoiita mitaani. Daktari alitueleza kwamba chembe za damu yake hujikunja zikawa kama mundu, zikakwama kwenye mishipa, na pale zinapokwama ndipo maumivu yanapoanza. Mimi sikuhitaji kuelezwa maumivu. Nilimwona angali anatambaa, viganja na nyayo zimefura, analia mpaka sauti inakauka anabaki kufungua mdomo tu. Alipokua akajua kusema, alimwomba mamake amkate mguu. Si kwa utani. Alisema, "Mama, huu ukate, mwingine utanitosha." Sidi alitoka nje akatapika. Kila homa ilipomshika yule mtoto, mdogo wangu alikuwa anajiuliza kama hii ndiyo itakayomchukua, na mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo nikijifanya sijiulizi.

Upande wa mume, watu hawakukosa maneno. Ati damu mbovu imetoka kwetu. Siku tuliyoambiwa hospitali kwamba mtoto haupati ugonjwa huu mpaka aurithi kwa baba na kwa mama, kila mmoja akiwa ameubeba bila kuumwa, nilitaka ardhi ipasuke wote wasikie. Tsuma yeye alitikisa kichwa, uso umemng'aa. "Kumbe tumechangia sawa," akasema. Nikamsonya mbele ya daktari. Baadaye ikadhihirika kwamba Dzoro naye anaubeba, na Mejumaa pia, kwa sababu binti yao mdogo, Nyevu, alianza kufura viganja vile vile.

Ndipo ukaja utafiti. Hospitali moja hapa kisiwani ilitangaza kwamba inaandikisha watoto wenye selimundu wajaribiwe dawa. Sidi alikuja kwangu mbio, nikiwa nakata mihogo ya kwenda kukaanga kule baharini, Mama Ngina, akaniambia anaogopa mwanawe asije akafanywa panya wa maabara. Nikaacha mihogo nikaenda naye.

Nakiri, walieleza vizuri. Aliyeeleza ni Daktari Truphosa, mwanamke wa bara, mdogo wa umri, mwenye subira kuliko mimi. Alisema dawa yenyewe si ngeni, imeshatibu watu nchi nyingi. Wanachotafuta ni kipimo: mtoto wa pwani yetu, na uzito wake na malaria zake, apewe kiasi gani imsaidie bila kumdhuru. Kila mtoto ataanza na kidogo. Atatolewa damu mara kwa mara. Damu ikiwa haijabadilika, wataongeza. Ikishuka kupita kiasi, watapunguza au watasimamisha. "Kwa hiyo mimi nitakuwa naiuliza damu," akasema, "na damu itanijibu kweli ikiwa tu mtoto amekunywa nilichompa. Dawa hii ni ya Mbodze peke yake. Si ya kuonjwa na mwingine." Alimtazama Tsuma aliposema hayo, na Tsuma akaitikia, "Tumeelewa, daktari."

Nyevu hawakumchukua. Utafiti ulitaka watoto waliofikia umri wa kwenda shule, na yeye bado alikuwa mdogo. Tsuma aliposikia hivyo uso ulimwanguka. Mimi mjinga nikaona ni huruma.

Dawa ilikuwa ya maji, ndani ya chupa ya kahawia, na kibomba cha plastiki cha kuvutia kipimo. Mtoto hunywa asubuhi mara moja. Sidi hutoka baada ya sala ya alfajiri kuuza mahamri na mbaazi, kwa hiyo kazi ya kunywesha aliichukua Tsuma. Alinipendeza siku hizo za mwanzo, sitasema uongo. Nilimkuta mara moja amesimama dirishani, kibomba amekiinua kwenye mwanga, jicho moja amelifumba, anahakikisha maji yamefika kwenye mstari sawasawa. Nikajiambia, basi angalau ujuzi wa mtu huyu umepata kazi ya maana.

Kumbe, bwana wee, alikuwa anatafuta nusu.

Haya tuliyajua baadaye, lakini nitakwambia hapa hapa usije ukahangaika kama tulivyohangaika sisi. Kila asubuhi, Sidi akishafika kwenye mahamri yake, Tsuma alikuwa anavuta kipimo cha Mbodze, nusu anamnywesha Mbodze, nusu anavuka ua anamnywesha Nyevu. Mejumaa alikuwa anampokea kwa dua. Na Mbodze, mtoto mwenye akili zake, alipouliza siku ya kwanza mbona Nyevu anapewa dawa yake, babake alimwambia, "Huyu ni ndugu yako. Usiwe mchoyo. Na maneno ya nyumbani hayapelekwi hospitali." Mtoto akanyamaza. Hayo ndiyo yaliyokuwa malezi yake.

Basi Daktari Truphosa akawa anaiuliza damu, na damu inamjibu kwamba mtoto huyu amekunywa kidogo mno. Maumivu hayakwisha. Mbodze aliendelea kulazwa, aliendelea kukosa shule, wakati wenzake walioandikishwa siku moja naye walikuwa wameanza kunenepa na kukimbizana kwenye kibaraza cha kliniki. Sidi alikuwa anawatazama wale watoto kwa jicho ambalo sikulipenda. Aliniambia, "Dada, wangu Mungu hamtaki." Nikamkemea.

Daktari akaongeza kipimo. Damu haikusogea. Akaongeza tena. Siku hiyo nilikuwepo kliniki, nimemshika Mbodze mkono, na nilisikia kwa masikio yangu haya daktari akimwuliza Tsuma, "Baba Mbodze, anakunywa dawa yote? Hatapiki? Haimwagiki?"

"Inakwisha yote, daktari," akasema Tsuma. "Hakibaki hata tone." Akatoa ile chupa tupu mfukoni akaiweka mezani, safi, ameiosha.

Daktari akaichukua akaigeuza. "Mngekuwa wote kama wewe," akasema. Akamsifu mbele ya wazazi wengine! Na Tsuma akainamisha kichwa kama anavyokiinamisha harusini wakimsifia nyama. Mbodze alikuwa ananitazama. Nilidhani ana kiu, nikampa maji. Kefule! Mtu anasema neno ambalo kila silabi yake ni kweli na yote kwa pamoja ni uongo, halafu anapewa sifa juu.

Kipimo kikaongezwa mara nyingine, na daktari akasema hapo ndipo mwisho. Kikishindwa hicho, ataandika kwamba mwili wa mtoto huyu haukubali dawa, na atamtoa. Sidi alilia njia nzima ya kurudi Bondeni. Tsuma alimbembeleza. Akamnunulia maji ya miwa, na mimi pia akaninunulia, glasi sawa na yake. Nilitamani kummwagia usoni.

Mwenye duka alikuwa anafungua tawi Ukunda, na baada ya hapo akamwita Tsuma aende akapange bidhaa, akae huko mpaka biashara isimame. Mejumaa naye alikuwa na mimba kubwa, akamchukua Nyevu wakaenda kwa mamake Msambweni kusubiri uchungu. Ua ukabaki na Sidi na Mbodze peke yao, na Dzoro ambaye ni mtu wa zamu bandarini, nyumbani huja kulala tu.

Chupa mpya ilikuwa kabatini. Sidi akasoma maandishi, akavuta kibomba mpaka kwenye mstari ulioandikwa, akamnywesha mwanawe. Chote. Asubuhi hiyo, na iliyofuata, na zote zilizofuata. Ni mama, alifanya alichoambiwa na daktari.

Na Tsuma alikuwa na simu! Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Kila jioni alipiga kutoka Ukunda. Alimwuliza Sidi hali, alimwuliza Mbodze hali, alinisalimia mimi kama nipo, aliwauliza majirani mmoja mmoja asije mtu akaachwa. Alijua dawa iko kabatini. Alijua kipimo kimeandikwa mara mbili ya kile anachokunywa mtoto. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa: "Mpe nusu." Lakini angelisema hilo angeulizwa kwa nini, na kuulizwa kwa nini Tsuma hawezi. Akasema usiku mwema.

Mwanzoni Mbodze alichangamka. Hilo nalo linauma. Siku kadhaa alikula vizuri, akaniomba tumpeleke Mama Ngina akanunuliwe madafu, nikampeleka, akapanda ule ukuta wa baharini akashuka bila kushikwa. Nikampigia Sidi simu nikamwambia dawa imeanza kufanya kazi. Kisha akaanza kutoka damu kwenye ufizi akisugua meno. Kisha madoadoa miguuni. Kisha homa, na midomo ikawa haina rangi kabisa, na alipojaribu kusimama aende chooni akaanguka.

Tulimfikisha hospitali mchana wa Ijumaa, watu wanatoka msikitini. Daktari Truphosa alikuja mwenyewe mbio, akachukua damu, akarudi amekunja uso. Alisema damu ya Mbodze imeshuka yote, nyekundu, nyeupe, na ile ya kugandisha. Dawa imeunyamazisha uboho wake mifupani, na sasa kijidudu chochote kikimwingia hana askari wa kukizuia. "Sielewi," akasema. "Kipimo hiki kilikuwa hakimfanyi kitu. Miezi yote hiyo hakimfanyi kitu. Nani anamnywesha dawa?"

"Mimi," akasema Sidi.

"Tangu lini?"

"Tangu babake aende Ukunda."

"Na kabla ya hapo?"

"Babake."

Daktari akachukua kibomba. Akainama karibu na Mbodze akamwuliza kwa upole, "Mbodze, baba alikuwa anakupa hivi hivi, mpaka hapa?" Akamwonyesha mstari kwenye kibomba. Mtoto amelala pale, homa inamchoma, nguvu ya kuinua kichwa hana, na bado alimtazama mamake kwanza, akatazama ukuta, akafumba mdomo. Maneno ya nyumbani hayapelekwi hospitali. Hapo nikajua kuna kitu. Nikatoka nje nikampigia Tsuma, nikamwambia apande feri aje sasa hivi, na akija aje na ukweli.

Alifika alasiri, jasho limemlowesha. Alisimama mbele ya daktari, mimi na Sidi tumesimama pembeni, akasema yote. Hakujitetea sana. Alisema, "Nilikuwa nagawa. Wana wawili wanaumwa ugonjwa mmoja, ua mmoja. Ningempaje huyu, yule ananitazama? Nisingeweza, daktari."

Sidi hakupiga kelele. Aliketi chini sakafuni, pale pale.

Daktari Truphosa aliuliza mambo mawili tu. "Huyo wa pili yuko wapi? Kwa nini hukumleta?"

"Mlimkataa," akasema Tsuma. "Mlisema ni mdogo."

"Utafiti ulimkataa!" Mara ya kwanza nilisikia sauti ya yule mwanamke ikipanda. "Utafiti unataka watoto wa umri fulani. Kliniki ya kawaida haina utafiti. Mlango wa pili kutoka hapa, baba. Dawa hii hii wanaitoa, hata kwa watoto wadogo kuliko huyo, kwa kipimo chao, na wanawapima damu. Angepata chake kamili, na Mbodze angepata chake kamili. Ungeuliza tu."

"Sikuuliza," akasema Tsuma.

Hapo ndipo nilipolipuka, na sijutii. Nilimwambia, "Hukuuliza! Una miguu ya kwenda harusi tatu kwa siku, ya kuvuka mlango mmoja huna? Mwanamume mzima! Umempokonya mwanao dawa kinywani, umempa yule mwingine isiyopimwa, wote wawili umewadhulumu, halafu unalala usingizi unajiona walii! Hii si haki, Tsuma. Hujawahi kuwa na haki hata siku moja. Unagawa ili usichukiwe, basi. Na mwanao ndiye aliyelipa!" Watu wa wodi nzima walikuwa wanatazama. Alisema, "Shemeji, nisamehe." Nikamwambia asiniombe mimi, mimi sikutolewa damu.

Nyevu aliitiwa aletwe kutoka Msambweni apimwe. Mungu alimsitiri, alikutwa mzima, na sasa anahudhuria ule mlango wa pili. Majibu ya damu ya Mbodze daktari alisema yatabidi yatolewe kwenye utafiti, maana miezi yote aliyoiuliza damu yake ilikuwa inajibu habari za mtoto mwingine. Alisema hayo kwa uchovu. Sidi alimwuliza kama Mbodze atapona. Akasema akivuka siku hizi chache, dawa itaanzishwa upya, kidogo kidogo, na mama asimamie. Hakusema atavuka.

Alihitaji damu kwanza. Ilipatikana kabla ya magharibi. Muuguzi akaja na mfuko akautundika, akavuta kiti akaketi karibu na mkono wa mtoto. Kitanda cha pili kulikuwa na mtoto mwingine, mdogo, malaria imemmaliza, amelala kifuani mwa mamake na midomo yake nayo haina rangi. Mbodze alifumbua macho akautazama ule mfuko, akamtazama yule mtoto.

"Yote yangu?" akauliza.

"Yote yako, mama," akasema muuguzi.

Mbodze akaurudisha mkono chini ya shuka. "Nusu mpeni yule."

Muuguzi akacheka. "Yule ana yake, inakuja. Lete mkono."

"Nusu mpeni yule," akasema tena, na sauti ilikuwa inatetemeka, si kwa ukaidi, kwa hofu. "Mimi si mchoyo."

Muuguzi akaacha kucheka, akatutazama sisi. Alijaribu kuufunua ule mkono, Mbodze akaubana chini ya ubavu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, na ile sindano ikabaki inangoja. Nikageuka. Tsuma alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika chuma.

"Haya," nikamwambia. "Mwambie. Wewe ndiye uliyemfundisha."

"Mbodze," akasema, "hii ni yako."

"Na yule?"

"Hii ni yako yote, mwanangu. Peke yako."

Mbodze alimtazama babake. Alimtazama kwa makini, kama anayejua kwamba anajaribiwa na akijibu vibaya atakasirikiwa. Mkono hakuutoa. Akageuza kichwa taratibu juu ya mto mpaka akampata mamake.

"Mama," akauliza, "ni kweli?"

Sidi akamwambia ni kweli. Ndipo akautoa mkono.